Stepla yangu ya chuma inapinda pini, niitupe?

Swali: Habari fundi. Nimehamishiwa masjala na juu ya meza nimeikuta stepla ya chuma ya zamani, nzito kweli, ikikuangukia mguuni umeumia. Karatasi tano mpaka kumi inabana vizuri tu, ila zikikaribia ishirini pini inapinda mgongo, mguu mmoja unaingia mwingine unabaki juu, na siku nyingine inakwama kabisa mpaka wenzangu wanaigonga mezani ndo inaachia. Chini yake pameandikwa 24/6, pini tunazoletewa ni 26/6. Wote wananiambia imechoka, niombe mpya ya plastiki. Niitupe? Na kile kibati cha mbele kumbe kinazunguka, kina kazi gani?

Jibu: Usiitupe dada. Na kabla ya yote waambie hao wenzako waache kuigonga mezani, hiyo ndo itakayoiua kweli, sio umri wake.

Mi mashine za ofisini nimezishika miaka mingi, printa, fotokopi, mashine za kutobolea mafaili, na stepla huwa naletewa kama nyongeza tu, mtu kaniita kwa ajili ya printa afu wakati nafunga begi anasema "na hii fundi, hebu icheki, imekufa". Naigeuza, nasoma chini, naifungua, naangalia pini zilizomo, na mara nyingi sana namrudishia mashine ileile bila kugusa kitu, nimebadilisha pini tu. Stepla ya mezani ya chuma haina mengi ya kuharibika. Kuna mkono wa juu unaoubonyeza, kuna reli ambamo pini zinakaa, ndani ya reli kuna kisukumio na springi yake kinachozisogeza pini mbele, kuna kile kibamba chembamba cha chuma mbele kabisa kinachoshuka na kuisukuma pini moja moja, mi nakiita ulimi, na chini kuna kibati chenye vijishimo ambapo miguu ya pini ikigonga pale inakunjwa. Basi, hamna kingine.

Sasa we umejijibu mwenyewe kwenye swali lako. Chini pameandikwa 24/6, pini ni 26/6. Watu wengi wanaona hizo namba wanadhani ni namba za bidhaa tu, za kiwandani huko, hazituhusu. Zinatuhusu sana. Namba ya kwanza ni unene wa waya, na hapa ndo watu wanapotea kwa sababu inaenda kinyume, namba ikiwa ndogo waya unakuwa mnene zaidi, kwahiyo 24 ni mnene kuliko 26, na 23 mnene kuliko zote hizo. Namba ya pili ni urefu wa mguu wa pini kwa milimita. Maana yake pini mnazoletewa na pini ambazo mashine inazitaka zina mguu sawasawa, ila yenu ina waya mwembamba zaidi.

Na kwa nini basi inaingia na karatasi kumi inabana bila shida? Kwa sababu upana wa mgongo ni uleule, karibu milimita 13 zote mbili, na kuna stepla kibao zimetengenezwa zikubali zote mbili na zinaandikwa hivyo kabisa chini, 24/6 na 26/6. Yako imeandikwa moja. Kwa karatasi chache hutaona tofauti, ila ukizidisha waya mwembamba unafika mahali unashindwa, ulimi unasukuma kutoka juu, karatasi zinakataa kutoka chini, pini iko katikati haina pa kukimbilia, inachofanya ni kupinda mgongo, inakuwa kama nundu ya ngamia. Ndo hiyo unayoiona. Mashine inasingiziwa bure.

Halafu kuna hesabu ya mguu, hii naipenda maana ukishaijua huhitaji kumuuliza mtu tena. Chukua rimu ya karatasi za kawaida za gramu 80, zile karatasi 500, isimamishe upime unene kwa rula, utapata kama sentimita 5. Kwahiyo karatasi moja ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na karatasi 20 ni milimita 2. Mguu wa pini yako ni milimita 6, ukitoa 2 zilizomezwa na karatasi zinabaki 4 za kukunja kwa nyuma, na hizo 4 ndo kiasi kizuri cha kushika. Ukiweka karatasi 30 zinabaki 3, pini inashika lakini kwa kusitasita. Ukiweka 40 zinabaki 2, hapo hata ukiwa na mkono wa mbeba mizigo unajisumbua, mguu unatokeza kidogo tu na hauna urefu wa kulala. Kwahiyo mi kichwani nabeba hivi, unene wa karatasi jumlisha milimita 4, hiyo ndo pini unayoitaka. Na kumbuka hapo nimezungumzia karatasi laini za gramu 80, ukitia kava gumu mbele na nyuma hesabu hizo kama karatasi kadhaa kila moja.

Kwahiyo ishirini kwa mashine yako ndo mpaka wake wa kawaida hata ukiwa na pini sahihi. Ukiitisha pini za 24/6 zitakupa ishirini safi, na ukijua kubonyeza utapita kidogo. Ila usitarajie faili la karatasi hamsini.

Tuje kwenye kubonyeza sasa, maana hapa ndo nimeona vituko. Kuna ofisi moja nilikaa nasubiri printa imalize kujisafisha, nikawa namwangalia kijana mmoja anabana ripoti, bonge la rundo, na kila moja anaishika stepla hewani kama koleo, karatasi mkono wa kushoto, anaminya kwa vidole, uso umekunjamana, na kila ripoti ya tatu anang'oa pini iliyoharibika kwa kucha. Hii mashine inaitwa ya mezani kwa sababu inakaa mezani! Ile mizito ya chuma imepewa uzito makusudi na raba kule chini ili isitembee. Zile ndogo za mkononi za pini namba 10 ndo za kuminya hewani, na zenyewe ni za karatasi chache tu.

Iweke mezani, meza yenyewe iwe ngumu isiyodunda, usiiweke juu ya rundo la magazeti au kitambaa. Simama ukiweza, usikae, ukisimama unatumia uzito wa mwili badala ya kiwiko. Zigongegonge karatasi zako kwanza pande mbili zikae sawa, zikunje kidogo na kuzinyoosha hewa itoke, hasa kama zimetoka kwenye printa sasa hivi bado za moto na zimejikunja pembeni. Ingiza kona mpaka pale unapotaka pini ikae. Halafu kiganja, sio vidole, ile nyama nene ya chini ya kiganja, iweke MBELE kabisa juu ya kichwa cha stepla, pale ambapo ulimi uko chini yake. Watu wengi wanaweka mkono katikati ya mashine, sijui kwa nini, labda kwa sababu pamekaa kama pa kushikia. Bawaba iko nyuma, kazi inafanyika mbele, kwahiyo ukibonyeza katikati unahitaji karibu nguvu mara mbili ya ile ambayo ungetumia mbele. Jaribu leo hiihii, rundo lilelile, mara moja katikati mara moja mbele, utacheka.

Na usipige ngumi. Najua inanoga, inatoa sauti ya mtu mwenye kazi nyingi, ila ngumi inakuja kwa upande, ulimi unashuka umeinama, pini inaingia mguu mmoja kabla ya mwenzake. Egemea. Kwanza bonyeza taratibu mpaka kichwa kiguse karatasi na kuzikandamiza, utahisi pamesimama, hapo ndo unamalizia kwa uzito wote kwa pamoja mpaka mwisho bila kusita. Ukisikiliza vizuri kuna sauti mbili, ya kwanza "tk" ndogo pini inapokatika kutoka kwa wenzake, maana zimeunganishwa kwa gundi, na ya pili "kwap" nzito miguu inapolala kwenye kibati. Ukisikia ya kwanza tu bila ya pili, umesita, na ukigeuza utakuta miguu imesimama kama ya kuku aliyechinjwa.

Kugeuza. Hiki ndo kitu ambacho ningekufundisha kama ningekuwa na dakika moja tu. Geuza karatasi uangalie nyuma ya pini, nyuma inasema kila kitu. Miguu yote miwili imelala ikiangaliana, haijagusana sana, haijachomoza, umemaliza kazi. Miguu imesimama mifupi, aidha hukubonyeza mpaka mwisho au karatasi zimezidi urefu wa mguu. Mguu mmoja umelala mwingine haupo kabisa, geuza tena mbele utaukuta umejikunja chini ya mgongo, hapo pini imeingia upande, mkono wako uliinama au waya ni mwembamba, na hilo ndo lako. Miguu imepita na kupandana, au imejikunja sana mpaka ncha zimerudi kutokea mbele ya karatasi na zinakwaruza vidole, pini ni ndefu kuliko kazi, mtu katumia pini ya karatasi mia kubana karatasi kumi. Kama mguu mmoja kila mara, kila mara, kila mara ni uleule wa kulia au wa kushoto ndo unaokosa kijishimo chake, hapo sasa sikulaumu wala silaumu pini, kichwa na kibati havilingani tena, na sababu yake mara nyingi ni kuanguka au ndo huko kugongwa mezani. Kama zinatoka pini mbili kwa mpigo, kuna uwezekano ncha ya ulimi imelika na kuwa duara, au zimechanganywa pini za aina mbili kwenye reli moja.

Na hilo la kuchanganya ni balaa la peke yake. Mtu pini zimebaki kidogo anaongezea nyingine juu, hizi za paketi hii hizo za paketi ile, zinapokutana hazikai sawa, moja inapanda nusu juu ya mwenzake, kisukumio kinasukuma, mdomo umeziba. Hapo ndo "imekwama".

Ikikwama usiigonge. Fungua juu, rudisha kisukumio nyuma (kama yako ni ya kufunguka kwa juu kinarudi chenyewe ukiinua mfuniko, nyingine unakivuta kwa kidole), mwaga pini zote nje, zote, hata zile nzuri. Sasa angalia mdomo wa mbele kwa kuinamisha mashine kwenye mwanga, usiweke jicho pale karibu, pini ikichomoka inachomoka kama risasi. Utaiona moja imekaa mshazari kati ya ulimi na ukingo wa reli. Itoe kwa plaizi ndogo au kibanio cha nyusi ukiivuta chini, kule ambako ingetokea yenyewe, usiisukume kurudi ndani. Bisibisi bapa nyembamba inaweza kusaidia kuilegeza ila usitumie kama nyundo, ukikwaruza reli kila pini inayopita hapo itagugumia. Ikishatoka bonyeza mashine tupu mara mbili tatu uone ulimi unashuka na kupanda bila kugoma. Niliwahi kufungua moja ambayo ofisi nzima ilishaiandikia barua ya kuifuta kwenye orodha ya vifaa, ndani nikatoa pini tatu zilizosukana kama msuko, na chini yake pamba ya vumbi la karatasi imegandamana na mafuta ambayo mtu alimimina akidhani anasaidia. Dakika tano. Mpaka leo inabana.

Kuhusu mafuta basi nimalizie hapohapo, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba ya nyuma, futa yanayobaki, imetosha kwa muda mrefu. Kwenye reli usitie chochote cha majimaji. Mafuta kwenye reli yanashika vumbi, na mbaya zaidi yanatembea na pini mpaka kwenye karatasi, unakabidhi barua ina doa la mafuta kwenye kona kama karatasi ya kufungia maandazi. Reli ipulize, ipitishie mswaki mkavu, inatosha.

Haya, kibati kinachozunguka. Hiki nakipenda maana watu wanakaa na stepla maisha yao yote hawajui. Ukiangalia juu yake kina jozi mbili za vijishimo, jozi moja vijishimo vinaelekea ndani, nyingine vinaelekea nje. Ile ya ndani ndo ya kawaida, miguu inakunjwa kuangaliana, pini inakaa moja kwa moja. Ukikisukuma kwa chini (huwa kuna kitufe chini ya mguu wa stepla) kinainuka, unakizungusha nusu duara, unakiachia. Sasa miguu itakunjwa kwenda nje, kila mmoja upande wake, haishiki sana, na hiyo ni makusudi, ni pini ya muda. Unaichomoa kwa kuivuta tu kutokea upande mmoja, bila kuchana karatasi, bila kitoa pini. Kwa mtu wa masjala hiyo ni dhahabu, nyaraka ambazo bado zinazunguka, zinaenda kusainiwa, zinarudi, zinaongezewa kiambatisho, zinaenda kutolewa kopi, kwa nini uzibane kama zinaenda kaburini? Zibane kwa muda, zikikamilika ndo ugeuze kibati uzibane za kudumu. Ila ukumbuke kukirudisha! Nimeshaitwa zaidi ya mara moja kutengeneza stepla "inayokunja pini vibaya, kwa nje", nikazungusha kibati nikaaga.

Kuna na matumizi ya tatu, ukiachia mguu wa chini ukafunguka kabisa mashine ikanyooka, unaweza kupigilia tangazo kwenye ubao laini, hakuna cha kukunja miguu inaingia moja kwa moja. Ubao laini nimesema, ukutani usijaribu. Na mbinu nyingine ya hapohapo, unataka kutengeneza kijitabu cha kukunja katikati na mkono wa stepla yako haufiki? Ifungue hivyohivyo, weka kadibodi nene au kipande cha raba chini ya karatasi kwenye mstari wa kukunja, piga pini, inua taratibu, miguu utaikuta imezama kwenye kadibodi, ichomoe halafu uikunje mwenyewe kwa mgongo wa kijiko. Kwa vijitabu viwili vitatu inafaa, kwa mia tafuta stepla ya mkono mrefu.

Pini ikae wapi? Kona ya juu kushoto, hiyo wote tunajua, ila mi naipiga mshazari, nyuzi 45 hivi, isiwe sambamba na ukingo. Sababu ni kwamba msomaji akifunua karatasi inakunjika kwa mshazari kuizunguka ile kona, pini ikiwa imelala kwenye mstari huohuo wa kukunjika karatasi inapinda vizuri juu yake, ikiwa imesimama wima au imelala mlalo kila ukurasa unaning'inia kwenye mguu mmoja na baada ya siku chache wa juu umeshachanika. Kutoka ukingoni acha kama nusu sentimita mpaka sentimita moja. Ukikaribia sana ukingo inachanika, ukiingia sana ndani unafunika maneno. Na kama ni kitu cha kusomwa kama kitabu, piga mbili au tatu pembeni kushoto, hapo ndo unazilaza sambamba na ukingo.

Nyaraka nene, naona unazitolea macho. Usifanye ule mchezo wa kupiga pini moja kutoka mbele na nyingine kutoka nyuma ukidhani zitakutana katikati. Hazikutani. Unapata vitabu viwili vimesimama pamoja kwa imani, na mara nyingi miguu haina hata kibati cha kuikunja kwa sababu haikufika. Kwa karatasi nyingi kuna stepla kubwa za pini za 23, zina mkono mrefu na waya mnene, na hesabu yetu ya milimita 4 inafanya kazi palepale: 23/8 ni kama karatasi 40, 23/10 kama 60, 23/13 kama 90, na baadhi ya mashine zinafika pini ndefu zaidi za karatasi 200 hivi. Ofisi yenye masjala inatakiwa iwe na moja kubwa ya wote, na hizi za mezani kila mtu yake. Mkiwa hamna, tumia klipu kubwa nyeusi au toboa ufunge kamba ya faili, hakuna aibu. Ila pini za 23 usijaribu kuzitia kwenye mashine yako, miguu ni mirefu kuliko kina cha reli na waya ni mnene kuliko mdomo wake, ukilazimisha ndo utakuwa umeitupa kweli.

Kwa kuwa uko masjala, hili sikuachii lipite. Pini za kawaida ni waya wa chuma uliopakwa zinki juu, chumba kikiwa na unyevu zinki inaisha na kutu inaingia, na kutu haiishii kwenye pini, inakula karatasi, unafungua faili la miaka mingi unakuta kona ina shimo la kahawia mahali pa pini. Wanaotunza kumbukumbu za muda mrefu sana wanazing'oa kabisa, au wanatumia pini zisizoshika kutu. We si lazima ufike huko kwa kila barua, ila kwa yale mafaili ambayo unajua hayatafunguliwa mpaka we umestaafu, fikiria.

Na kung'oa nako kuna adabu yake. Tumia kile kidude cha meno manne, unaingiza meno chini ya mgongo wa pini, unaminya, afu geuza karatasi uone kama miguu imetoka yote miwili. Nusu ya pini ikibaki ndani na karatasi ikaenda kwenye skana au fotokopi ya kujivutia karatasi, nakuhakikishia tutaonana. Kuna pale mbele ya mashine kipande chembamba cha kioo ambacho karatasi zote zinapita juu yake, pini ikikikwaruza mara moja tu, kila kopi inayopita hapo inatoka na mstari mweusi toka juu mpaka chini, na mstari haufutiki kwa kitambaa, ni kubadilisha kioo. Nimekutana na ofisi imeishi na huo mstari kwenye barua zote, watu wameshauzoea kabisa kama ni sehemu ya nembo.

Ikikuchoma kidole, usicheke nayo sana, osha kwa maji na sabuni, na kama imezama ndani au ilikuwa na kutu na hukumbuki lini ulichanjwa pepopunda, nenda kaulize.

Sasa ile ya plastiki wanayokushauri. Sina ugomvi na plastiki, kwa mtu wa karatasi tano kwa siku inatosha na ni nyepesi. Ila plastiki inapinda. Ukibonyeza rundo la ishirini mkono wake unajinyonga kidogo, kidogo tu, ukubwa wa waya wenyewe, na hiyo inatosha ulimi uje umeinama na pini iingie upande. Chuma haijinyongi, ndo faida yake yote hiyo, sio kwamba ina nguvu bali kwamba inakaa kwenye mstari. Angalia pia maana kuna zinazoitwa za chuma ambazo chuma ni koti la juu tu, ndani reli na msingi ni plastiki, ukiinua utajua kwa mkono.

Na hizi za kufunguka kwa juu, kama yako ni ya hivyo, ukimwaga pini ndani kwa sekunde mbili, jua kuna watu walihangaika. Ya McGill wa Marekani ya mwaka 1879 ilikuwa inapakia pini moja, unabana, unapakia tena moja. Baadaye zikaja za kupakia mstari mzima ila nyingine mpaka utumie bisibisi na nyundo kuusukuma ndani. Ni miaka ya 1930 ndo kampuni ya Jack Linsky kule New York, ambayo baadaye ilichukua jina la Swingline, ilipotoa ya kufunguka juu unadondosha tu mstari wa pini. Kwahiyo wenzako wanaogonga mezani, kidogo wamerudi kwenye enzi ya nyundo.

Ya kutupa ni ipi? Kama reli imepinda unaiona kwa macho, kama bawaba inacheza kushoto kulia ukiishika kichwa na kukitikisa, kama ncha ya ulimi imelika na huwezi kupata nyingine, kama springi imekatika. Mojawapo ya hizo, haya, muage mzee. Yako inabana karatasi kumi vizuri, kwahiyo ulimi, springi na kibati bado vina afya.

Fanya hivi, omba paketi moja tu ya 24/6, mwaga za zamani zote, pulizia reli, hakikisha kibati kimekaa kwa upande wa ndani, simama, kiganja mbele. Jaribu karatasi 10, halafu 15, halafu 20, kila mara unageuza unaangalia nyuma. Ikifika 20 na bado mguu mmoja unakosa, angalia ni uleule kila mara au unabadilika, afu niandikie ni wa upande gani, na unipigie picha ya mdomo wake kwa mbele, mwanga utokee pembeni ili nione ncha ya ulimi.